Ratili ya Chumvi

Ferris Landing, Arkansas
24 Agosti 2018

Shangazi Ozella,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu bintiyo Rosalind ameniambia simu unaisikia nusu, na nusu nyingine unaitunga mwenyewe. Basi haya hapa, kwa herufi kubwa, usije ukasema mtoto wa kaka yako hakukwambia.

Nimeanza kazi. Darasa la tatu, watoto ishirini na sita, kumi na tisa kati yao ni wetu, weusi. Walimu tuko thelathini na mmoja, na mweusi ni mimi peke yangu. Wewe ulifundisha humu miaka thelathini na nne, kwa hiyo nilidhani nitakuta angalau kiti chako bado kina joto. Hata picha yako haipo kwenye ukuta wa waliostaafu. Wanasema msumari ulianguka.

Chumba changu hakina dirisha. Zamani kilikuwa stoo ya vitabu, ndivyo nilivyoambiwa. Nikiingia asubuhi kabla ya watoto nakuta kinanuka gundi, ile ya kupikwa kwa unga, na mimi sijaleta gundi. Nilimwuliza Bwana Elroy Bowdre, anayesafisha shule, akaegemea ufagio akacheka. "Chumba hicho kina mwenyewe, Mwalimu. Mpishe tu, mtazoeana." Kisha akaondoka bila kunieleza ni nani.

Siku ya kwanza niliandika jina langu ubaoni nikauliza nani ana swali. Mtoto mmoja, Jamiyah, nywele zake zimejaa shanga za zambarau, akainua mkono. "Utaondoka lini?" Nikadhani sikumsikia vizuri. "Wa mwaka jana aliondoka Krismasi," akasema. "Wa mwaka juzi aliondoka wakati wa mvua." Darasa zima likangoja tarehe. Nimeuliza, Shangazi. Wote wawili walikuwa weusi.

Nikawaambia siendi popote. Wakanitazama kwa heshima, kama wanavyomtazama mtu mzima anayedanganya.

Hakuna aliyeniletea hata biskuti. Siku yako ya kwanza ilikuwaje?

Mwanao,
Lakendra


St. Louis
2 Septemba 2018

Mwanangu Kendra,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na ya tatu nikamsomea Rosalind kwa sauti, akasema mbona unapiga kelele. Nimefurahi mno. Jina la Gaddis limerudi shule ile.

Siku yangu ya kwanza nilipokewa na maua mezani. Wazazi walinishika mkono. Mwalimu mkuu wa wakati huo alisema, "Tumekungoja." Nikapewa darasa la nne na madirisha mawili, na tangu siku hiyo mpaka nastaafu sikuwahi kulalamika hata mara moja. Nakuambia hilo si kwa kujisifu. Tabasamu, fika mapema, usikae na kinyongo. Ndivyo nilivyodumu.

Hiyo stoo siijui. Niliingia humo kuchukua chaki tu.

Umesema hukuletewa biskuti. Zamani, tulipokuwa na shule yetu ya weusi, Tubbs, Jumamosi ya kwanza ya Septemba ilikuwa siku ya ratili. Kila nyumba ya kanisa la Pisga inamletea mwalimu ratili moja ya kitu: sukari, unga wa mahindi, siagi, kahawa. Kimepimwa nyumbani, kimeshonwa ndani ya kifuko cha kitambaa. Na mwalimu hapimi tena, hahesabu, hakatai. Mtu anayekupa ratili amekwambia kaa. Ilikufa shule ilipofungwa. Usiulize kanisani, utawaaibisha.

Juzi wakala wa bima alikuja hapa akakaa saa nzima. Alipotoka, Rosalind akamwaga chumvi kizingitini nyuma yake ili asirudi tena, kama mama yangu alivyokuwa akiwafanyia watu asiowataka. Nilimgombeza hadi akalia. Chumvi sitaki kuiona. Daktari amekataza.

Shangazi yako,
Ozella Gaddis Pruitt


Ferris Landing
19 Oktoba 2018

Shangazi,

Rosalind ananiambia daktari hajakataza chumvi, ila basi, mwenye mwili ni wewe.

Kazi inakwenda. Wameanza kuniletea watoto. Mwalimu yeyote akishindwa na mtoto mweusi, awe wa darasa la kwanza au la tano, anamsindikiza hadi mlangoni kwangu. "Kwako anatulia." Kipindi changu cha maandalizi sasa ni chumba cha kungojea. Jana walikuwa saba, nikawapa karatasi wachore. Mwalimu mkuu, Bwana Hutchens, alipita akachungulia akasema, "Una kipaji, Miss Gaddis. Sijui tungefanyaje bila wewe." Nikatabasamu kama ulivyonifundisha. Masahihisho nafanya nyumbani mpaka macho yanakataa.

Sasa nikueleze kitu. Nyuma ya mlango wa chumba changu kuna mikwaruzo. Imechongwa kwa kitu chenye ncha, minne minne na mmoja wa kuikata, safu kwa safu. Bwana Elroy amepaka rangi mara mbili tangu nifike, na kila ikikauka inajitokeza. Niliwapa watoto waihesabu, wakatoa jibu moja: mia tano na arobaini. Jamiyah akasema ni mtu aliyekuwa anahesabu siku za kutoka. Nikamwambia aache hadithi za kutisha. Lakini siku za shule ni mia na themanini kwa mwaka, Shangazi, na ukizidisha kwa tatu unajua unapata ngapi.

Asubuhi, kabla ya kengele, nimeisikia ikikwaruzwa. Sikuwa nimelewa. Nilikuwa nimesimama na kahawa yangu.

Usinihangaikie, niko salama.

Kendra


St. Louis
26 Oktoba 2018

Kendra,

Ni panya. Shule ile ina panya tangu enzi.

Funika mlango kwa bango, lile la ramani ya dunia litatosha. Na usiwahesabishe watoto vitu kama hivyo tena.

Shangazi yako


Ferris Landing
11 Januari 2019

Shangazi mpenzi,

Heri ya mwaka mpya. Asante kwa soksi. Niliweka ramani mlangoni, ikaanguka. Nikaiacha.

Jana Bwana Elroy alikuja kuondoa taka akanikuta nimeinamisha kichwa mezani. Akavuta kiti kimoja cha kitoto akakaa mlangoni. Halafu akaanza tu kuzungumza. Alisoma Tubbs, akiwa mtoto, mpaka mwaka walipoifunga. Mwalimu wake aliitwa Miss Verlene Stokes. Kila mwezi alikuwa anayeyusha chumvi katika maji ya moto, anamimina ndani ya mitungi ya kioo, anatumbukiza uzi, na baada ya siku chache uzi unaota vioo, mawe madogo ya chumvi yanayong'aa. "Alisema vinajijenga wakati hatuangalii," akaniambia. Alinionyesha ukubwa wake kwa kidole gumba. Ni mtu wa miaka hamsini na saba na uso wake ulikuwa wa mtoto.

Nikamwuliza baada ya pale ilikuwaje. "Baada ya pale tukaja huku, nikakalishwa nyuma. Kisha nikawekwa chumba cha wazito wa kuelewa. Kisha nikachoka." Hajui kusoma, Shangazi. Ananiomba nimsomee bili za umeme, na anasema ni kwa sababu amesahau miwani.

Ulimfahamu Miss Verlene? Lazima mlifundisha pamoja. Nataka kujaribu hiyo mitungi na watoto wangu. Nimechoka kidogo, nadhani itanifaa na mimi.

Kendra


SHULE YA MSINGI YA FERRIS LANDING
Ofisi ya Mwalimu Mkuu
4 Machi 2019

Kwa Miss L. Gaddis,

Nimepokea fomu yako ya tarehe 27 Februari ambamo umeweka alama kwenye kisanduku "Sitarudi mwaka ujao." Nasikitika. Ulikuwa nguzo imara na watoto wa aina fulani walikuitikia vizuri.

Nakuomba uendelee kuwapokea wanafunzi wanaoletwa kwako katika kipindi chako cha maandalizi hadi siku ya mwisho, tarehe 31 Mei, kwa kuwa hakuna mwingine wa kufanya hivyo. Ukibadili nia, fomu inaweza kuondolewa kabla ya tarehe 29 Machi.

Wako mwaminifu,
Dale Hutchens


Ferris Landing
8 Machi 2019

Shangazi,

Miezi miwili hujaandika. Rosalind anasema unakula, unalala, unakwenda kanisani, ila ukiulizwa juu yangu unaondoka mezani. Kama nimekukosea nisamehe, hata kama sijui kosa lenyewe.

Huku mambo ni mazuri sana. Wamenizoea, nami nimewazoea. Bwana Hutchens ananisifu kwa maandishi. Wazazi wananisalimia sokoni. Nikijaliwa nitakaa humu miaka thelathini na nne kama wewe, bila kulalamika hata siku moja.

Mwanao akupendaye,
Lakendra


St. Louis
15 Machi 2019

Mwanangu,

Barua yako ya tarehe nane si yako. Ni yangu. Niliiandika mwaka 1970, nikampelekea mama yangu aliyekuwa anauguzwa kwa dada yake Little Rock. Hata "wazazi wananisalimia" nililiandika hivyo hivyo. Sijui ni nini kinachokupata huko, lakini najua mtu anayeandika vile yuko katika hali gani.

Basi nikuambie, nami ni mzee wa miaka sabini na minne na sitaki kufa na hii.

Walipoifunga Tubbs, watoto wetu wote walipelekwa shule ya wazungu, hiyo hiyo yako. Walimu tulikuwa kumi na mmoja. Wakasema nafasi ni mbili. Moja ilikwenda kwa kocha wetu, kwa sababu walitaka kushinda mpira. Iliyobaki ilikuwa yangu au ya Verlene Stokes. Verlene alikuwa rafiki yangu. Tulikaa chumba kimoja chuoni, tukavaa koti moja kwa zamu.

Mwezi wa Juni mkuu wa elimu wa wilaya aliniita. Akanipa maji kwenye kikombe cha karatasi. Akaniita Ozella, jina tupu, kama anavyomwita mpishi wake. "Huyo Verlene ni mtu wa namna gani?" Nikasema ni mwalimu bora kuliko mimi. Hilo nililisema, Kendra, Mungu anajua. Halafu nikaongeza, na hakuna aliyenishika koo: "Ila ana mdomo." Akaandika.

Nilipata kazi. Septemba ikafika, na watu wa Pisga wakaja kwangu na ratili zao, ingawa shule haikuwepo tena. Hata wale tisa walioachwa walikuja, wamevaa nguo za kanisani, wakaniwekea vifuko mezani. Verlene alikuja wa mwisho. Alikuwa na kofia yake ya bluu. "Ratili kamili, Ozella," akasema. "Nimeipima mwenyewe." Hakukaa. Alipotoka nikakibonyeza kile kifuko kwa vidole nikajua. Chumvi. Na wewe umelelewa na watu wetu, unajua chumvi humwagiwa nani. Alikuwa ananiambia nimekwisha kutoka mlangoni mwao, nisirudi.

Sikuwahi kuongea naye tena. Alikwenda Detroit, akafanya kazi ya kufua nguo za hospitali, hakufundisha tena hata siku moja. Alifariki mwaka 1988. Sikwenda kumzika.

Wala sikupewa maua, wala darasa lenye dirisha. Wazazi wa kizungu walisema hawataki mweusi awashikie watoto wao kitabu, kwa hiyo nikawekwa stoo kubandika kwa gundi vitabu vilivyochanika. Nilikuwa napika gundi ya unga kwenye jiko dogo la umeme. Miaka mitatu. Mia tano na arobaini, watoto wako wamehesabu vizuri. Nilichonga kwa pini ya nywele.

Mlango ulikuwa na ufa. Kupitia pale nilikuwa nawaona watoto wetu wakipita mstarini. Nilimwona huyo Elroy siku wanampeleka chumba cha wazito. Alikuwa anapapasa ukuta kwa mkono. Nilikuwa na gundi mikononi nikajiambia si kazi yangu, wakinisikia watanifukuza, na kama nikifukuzwa basi Verlene nimemuuza bure. Hivyo nikanyamaza. Walipokuja kunipa darasa, nilikuwa nimezoea kunyamaza, nikaendelea miaka thelathini na mmoja mingine. Mmeita huo uvumilivu. Baba yako aliusifia hadi kaburini.

Kifuko sijakifungua. Kimehama nami nyumba nne. Siwezi kukitupa na siwezi kukitazama. Nakutumia na barua hii. Uliomba mitungi ya chumvi kwa watoto, basi chumvi hii hapa. Au kaitupe mtoni. Mimi usiniambie.

Ozella


Ferris Landing
21 Machi 2019

Shangazi,

Lazima nikuambie. Kaa chini kwanza, na Rosalind awe karibu.

Kifuko kimefika. Nilikifungua leo mchana darasani, watoto walipokuwa nje. Nilikata uzi kwa mkasi. Chumvi imekuwa jiwe, ikabidi niigonge kwa kisigino cha kiatu, na ilipopasuka ndani kulikuwa na karatasi ya nta iliyokunjwa kama sigara, na ndani ya nta karatasi ya daftari, wino wa bluu. Nanakili neno kwa neno.

"Ozella,

Hawa ni darasa langu. Sasa ni wako. Chumvi ni ya mitungi yetu, wao wanajua. Hata wasipokupa darasa, weka mtungi mmoja mahali watakapouona wakipita, wajue kuna mtu wao ndani ya jengo lile.

Alvin Teague: kwao hawali asubuhi. Ukimwuliza atasema ameshiba. Mpe hata hivyo.

Loretta Sykes: anasoma kuliko anavyojionyesha. Usidanganyike.

Pacha wa Mabry: watenganishe meza, usiwatenganishe chumba.

Elroy Bowdre: HAONI mbali. Si mzito. Mkalishe mbele. Asiombwe kusoma mbele ya wageni mpaka azoee."

Wako ishirini na wawili. Kila mmoja ana mstari wake. Mwishoni ameandika hivi:

"Mkuu wa elimu aliniita akaniuliza habari zako. Nadhani na wewe alikuuliza habari zangu, ndivyo wanavyofanya, na chochote ulichosema nimekusamehe kabla sijakijua. Mimi nilimwambia akuchukue wewe. Nilisema wewe unajua kunyamaza na mimi sijui, na huko watataka mtu wa kunyamaza. Lakini Ozella, usinyamaze sana.

Nijibu ukipata nafasi.
Verlene."

Nimekaa sakafuni nikalia mpaka kengele ikagonga. Jamiyah aliingia wa kwanza, akanitazama, akafunga mlango akasimama mbele yake kuwazuia wenzake wasiingie. Mtoto wa miaka minane.

Nami nina la kuungama. Mwezi uliopita niliandika kwamba sirudi. Nilikuficha. Niliandika hivyo si kwa sababu ya watoto, wala hata wale saba mlangoni. Nilikuwa nikirudi nyumbani najiambia: Shangazi alimudu miaka thelathini na nne akitabasamu, mimi nashindwa na mwaka mmoja, basi nina kasoro, nitoke kabla hawajagundua. Kumbe nilikuwa najipima na mtu ambaye hakuwepo.

Nimekasirika, Shangazi. Nakupenda, lakini nimekasirika. Ungeniambia mwezi wa Agosti.

Nimsomee Bwana Elroy mstari wake?

Kendra


St. Louis
25 Machi 2019

Kendra,

Usimsomee. Nakuja mwenyewe.

Una haki ya kukasirika, kasirika tu. Ukitaka kuondoka, ondoka, hutanisikia nikilia. Wala usikae kwa ajili ya Verlene, marehemu hawaombi hivyo. Lakini usiondoke kwa kuwa Shangazi yako alikuwa chuma. Hakuwa. Alikuwa ndani ya stoo, na alikuwa anaogopa kila siku.

Miaka arobaini na tisa barua yake ilikuwa inangoja nijibu.

Ozella


Ferris Landing
28 Machi 2019

Kwa Bwana D. Hutchens,

Naondoa fomu yangu ya tarehe 27 Februari. Nitarudi.

Kuanzia Jumatatu kipindi changu cha maandalizi ni cha maandalizi. Mtoto atakayeletwa kwangu aje na mwalimu wake, tuketi watatu, na mwalimu huyo ajifunze ninachofanya, kwa sababu si kipaji wala si rangi, ni kazi, na inafundishika. Wawili walionitangulia katika chumba hiki hawakushindwa na watoto. Waliachiwa wote peke yao. Nafasi itakayotokea mwaka huu, nataka niwepo wakati wa kumhoji anayekuja, na asiulizwe habari zangu wala mimi zake.

Naomba pia dirisha.

Lakendra Gaddis
Darasa la Tatu

Nimewaambia watoto wangu leo asubuhi. Jamiyah aliuliza, "Kweli, au vile ulivyosema mwanzo?" Nimemjibu kweli. Tafadhali usinifanye mwongo.


Ferris Landing, Arkansas
13 Aprili 2019

Verlene,

Nimechelewa kukujibu.

Jana Rosalind alinileta kwa gari, njia nzima ananiuliza kama nimevaa vizuri. Nilivaa kofia. Ile shule inanuka vile vile. Mlango wa stoo ulikuwa wazi na nikashindwa kuvuka kizingiti, ikabidi Kendra anishike kiwiko. Niligusa mikwaruzo yangu. Mtoto mmoja mwenye shanga kichwani akaniuliza, "Ni wewe uliyekuwa unahesabu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Ulitoka?" Nikamwambia nilichelewa kidogo.

Dirisha hawajatoboa. Wamesema watafikiria. Lakini kwenye rafu kuna mitungi ishirini na sita, Verlene, kwa chumvi yako, na nyuzi zimeanza kuota vioo. Na mezani kulikuwa na vifuko. Kina mama wa Pisga wamempelekea Kendra ratili zake, miezi saba baada ya wakati. Mimi ndiye niliyewapigia simu mmoja mmoja, nikiwapigia kelele. Mkuu wao, Hutchens, alikuja kusema kuna kanuni kuhusu vyakula shuleni. Nikamwambia, "Kijana, mwalimu hakatai ratili." Zamani ningenyamaza. Wewe ungecheka.

Watoto walipokwenda nyumbani, Elroy alikuja na ufagio. Amenenepa. Hakunitambua, na kwa nini anitambue, nilikuwa nyuma ya ufa. Nikamwambia mimi ni Ozella Gaddis, nilikuwa rafiki wa mwalimu wake, na kuna kitu chake ninacho tangu mwaka 1970 na sikumpa. Nikavaa miwani nikamsomea. Haoni mbali. Si mzito. Mkalishe mbele.

Aliegemea ufagio. Akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Akauliza kama ndivyo ilivyoandikwa, au nimeongeza mimi kwa kumhurumia. Nikampa karatasi, nikamwonyesha jina lake kwa kidole. Alilitazama muda mrefu, karibu sana na uso.

"Kumbe alijua," akasema.

Nilimwambia nami nilimwona siku ile, akipapasa ukuta, na sikutoka. Sikustahili jibu na sikulingoja. Nikauliza kama angetaka nimfundishe kusoma, mimi na Kendra, kila Ijumaa nitakapoletwa. Alikunja ile karatasi akaitia mfuko wa shati, akaufunga kifungo. Nikadhani anaondoka.

Akaenda nyuma ya darasa akachukua kiti, kile kidogo. Akakileta hadi magoti yake yakagusa meza ya mwalimu, akakaa, akaweka mikono juu ya meza.

Yuko mbele, Verlene. Nimemkalisha mbele.

Ozella